Sura ya Tano: Usiku wa Kura 76

Usiku wa Jumatatu, 25 Oktoba 1971, ukumbi wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa jijini New York ulikuwa umefurika. Swali lilikuwa moja, nalo lilikuwa limepigwa danadana kwa miaka 22: kiti cha China ni cha nani? Mao Zedong alitangaza Jamhuri ya Watu wa China mjini Beijing mwaka 1949, lakini kiti kile, pamoja na kura yake ya turufu katika Baraza la Usalama, kiliendelea kukaliwa na serikali ya Chiang Kai-shek iliyokuwa imekimbilia kisiwa cha Taiwan. Watu zaidi ya milioni 800 wa China bara walikuwa wakisemewa na serikali isiyotawala hata kijiji kimoja cha kwao.

Marekani ilikuwa na kufuli lake. Tangu 1961, kila swali hili lilipoletwa, ilihakikisha kwanza linatangazwa kuwa jambo zito linalohitaji theluthi mbili ya kura. Kufuli lilishika mwaka baada ya mwaka. Usiku ule likapigiwa kura kama kawaida, kabla ya swali lenyewe. Matokeo yakasomwa: waliotaka kufuli libaki, 55, waliolikataa, 59, waliojizuia kupiga kura, 15. Limevunjika.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vifijo. Na katika njia iliyo kati ya meza, wajumbe wa Tanzania wakacheza. Mkuu wao alikuwa Balozi Salim Ahmed Salim, kijana wa Zanzibar mwenye miaka 29. Walicheza kwa muda gani, kwa mtindo gani, kila msimulizi ametia chumvi yake, na chumvi imezidi kadiri miaka ilivyopita. Lakini walicheza, kamera zilikuwapo, na Wamarekani waliokuwa majumbani wakaona.

Balozi wa Marekani ukumbini alikuwa George H. W. Bush. Alijaribu dakika za mwisho kukifuta kipengele cha kuwafukuza watu wa Chiang. Rais wa Baraza, Adam Malik wa Indonesia, hakumruhusu. Waziri wa mambo ya nje wa Taiwan, Chou Shu-kai, akainuka na kuuongoza ujumbe wake nje ya ukumbi kabla ya kura ya mwisho kupigwa. Kisha ikapigwa: ndiyo 76, hapana 35, waliojizuia 17.

Ukiisoma leo orodha ya zile ndiyo 76 unashangaa. Uingereza imo. Ufaransa, Kanada, Italia na Uholanzi zimo. Israel imo. Hata Ureno, ambayo wakati huo ilikuwa bado inaitawala Msumbiji na Angola kwa mtutu wa bunduki, imo. Kutoka ukanda wetu zimo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Zambia. Kongo ya Mobutu ilisema hapana. Siku mbili baadaye ikabadili jina ikawa Zaire. Afrika peke yake ilitoa ndiyo 26, na bila kura za Afrika kufuli lile lisingevunjika.

Naomba msomaji aishike orodha hiyo mkononi, hasa majina ya Uingereza, Ufaransa na Kanada, kwa sababu tutaihitaji tutakapofika kwenye suala la nani alikumbukwa na nani alisamehewa.

*

Kesho yake, Oktoba 26, simu iliita Ikulu ya Washington. Aliyepiga alikuwa gavana wa California, Ronald Reagan. Rais Richard Nixon alikuwa ameweka mitambo ya kunasa sauti ofisini kwake tangu mapema mwaka huo, kwa hiyo mazungumzo yale yapo. Reagan alikuwa ametazama kura kwenye televisheni na amejaa hasira. Alitaka Nixon auchukulie hatua Umoja wa Mataifa. Kisha akayataja yale aliyoyaona, wale wajumbe kutoka nchi za Kiafrika, akawaita nyani, akasema hata kuvaa viatu hawajazoea.

Nixon akacheka. Halafu akaipenda hadithi ile kiasi cha kumsimulia waziri wake wa mambo ya nje, William Rogers, na katika kusimulia, nyani wakageuka kuwa wala watu.

Kipande hicho cha kanda kilifichwa kwa miaka mingi kwa maelezo ya kulinda faragha ya mtu aliye hai. Reagan alifariki mwaka 2004. Mwaka 2019 mwanahistoria Tim Naftali, aliyewahi kuiongoza maktaba ya Nixon, akaitangazia dunia kilichokuwamo. Nimeisikiliza kanda ile mara mbili. Tusi lenyewe tumelizoea, tumelirithi pamoja na mipaka na majina ya barabara. Kicheko ndicho kilichonikaa. Ni kicheko cha mtu aliyetulia, mwenye mabomu ya nyuklia chini ya amri yake, anayewacheka watu waliothubutu kupiga kura kwa akili yao.

Na wiki ile ile, mshauri wake mkuu wa usalama, Henry Kissinger, alikuwa Beijing. Hilo ndilo linaloikamilisha picha. Julai ya mwaka ule ule Kissinger alikwenda huko kwa siri akipitia Pakistan, akazungumza na Zhou Enlai, na Oktoba akarudi kuandaa ziara ya Nixon mwenyewe. Habari za kura ya New York zilimkuta akiwa anaondoka. Nixon alifika Beijing Februari 1972, akapeana mkono na Mao. Kwa hiyo Marekani ilikuwa inabisha hodi kwa mlango wa mbele wa nyumba ile ile ambayo Waafrika walikasirikiwa kwa kuitambua.

Sababu yake haikuwa mapenzi. Machi 1969 wanajeshi wa China na wa Urusi ya Kisovieti walipigana na kuuana kwenye kisiwa kidogo cha Zhenbao, katika mto Ussuri ulio mpakani mwao. Nchi mbili zilizokuwa zikiitana ndugu wa ujamaa zilikaribia vita kamili, zote zikiwa na silaha za nyuklia. Washington iliona ufa, ikaamua kuingiza mkono. Adui wa adui yangu: hesabu ni ya zamani kuliko bunduki.

*

Ili kuelewa kwa nini Watanzania walifurahi vile, inabidi turudi nyuma miaka saba, Zanzibar.

Pale Tunguu, nje ya mji, Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyoisikiliza safari yake. Kwa wanasayansi ilikuwa kazi ya amani. Kwenye mikutano ya siasa ya Unguja kiliitwa kituo cha makombora, na nani angemlaumu mvuvi wa Chwaka kwa kuliamini hilo, maadamu hakuna aliyemuuliza kabla ya minara kusimikwa? Mapinduzi yalipotokea 12 Januari 1964, Mzee Abeid Amani Karume hakuchukua muda. Aprili alitaka mitambo ing'olewe, ikang'olewa.

Wakati huo huo Ujerumani Mashariki iliitambua haraka serikali ya Mapinduzi na kufungua ubalozi Unguja, na kusaidia kujenga nyumba za kisasa Kilimani. Ujerumani Magharibi ilikuwa na sheria yake ya kidiplomasia: atakayeitambua ile nyingine, sisi na yeye basi. Muungano wa 26 Aprili 1964 ukamkuta Mwalimu Nyerere na mabalozi wawili wa taifa moja lililogawanyika, mmoja Dar es Salaam na mmoja Zanzibar, kila mmoja akidai mwenziwe hayupo duniani. Mwalimu akatafuta njia ya katikati: Ujerumani Mashariki ibaki na ofisi ya konseli, bila ubalozi. Bonn haikuridhika. Februari 1965 ikawaondoa ghafla wakufunzi wake waliokuwa wakilijenga jeshi letu la anga. Mwalimu akajibu kwamba kama msaada ni kamba ya kumfungia mtu shingoni, wachukue na uliobaki. Wakanada wakaja kuendelea na mafunzo ya marubani.

Kuna kisa kingine cha Januari 1965 ambacho nakipenda kwa kuwa kinaonyesha hofu inavyosikia. Frank Carlucci alikuwa mwakilishi wa Marekani Zanzibar. Mwenzake Robert Gordon alikuwa ubalozini Dar es Salaam. Walizungumza kwa simu kuhusu jinsi ya kuishawishi Washington kutuma salamu kwa sherehe za mwaka mmoja wa Mapinduzi, na Carlucci akasema, kwa lugha ya mafumbo ya ofisi zao, kwamba anahitaji risasi zaidi. Alimaanisha hoja. Waliokuwa wanainasa simu ile walisikia risasi. Wote wawili wakafukuzwa nchini. Marekani ikajibu kwa kumfukuza ofisa wa ubalozi wetu, nasi tukamrudisha nyumbani balozi wetu. Miaka 22 baadaye Carlucci alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, risasi zote za nchi ile zikiwa mikononi mwake.

Ni rahisi kusema Dar es Salaam ilikuwa na woga kupita kiasi. Lakini jeshi lake lilikuwa limeasi mwaka mmoja tu kabla, Januari 1964, na makomandoo wa Uingereza ndio waliotua kutoka kwenye meli ya Centaur kulizima. Kongo, ng'ambo ya ziwa, Lumumba alikuwa ameuawa. Msumbiji ilikuwa na Wareno. Mwenye nyumba ya makuti akisikia mtu anataja kibiriti, haulizi kwanza kama ni cha kuwashia sigara.

Desemba 1965 ikaja zamu ya Uingereza. Ian Smith alijitangazia uhuru wa Wazungu wachache huko Rhodesia, London ikasita kumshughulikia, na Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kama Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulivyoazimia. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Katika mwaka mmoja nchi changa ilikuwa imegombana na Bonn, Washington na London, na kila ugomvi ulianza pale mkubwa alipotaka ugomvi wake uwe wetu.

*

Halafu kulikuwa na reli.

Zambia ilikuwa na shaba na haikuwa na bahari. Njia zake zilipita Rhodesia ya Smith, Msumbiji na Angola za Wareno. Benki ya Dunia ilipima wazo la reli ya kwenda Dar es Salaam ikaona halilipi. Nchi za Magharibi zikasema vivyo hivyo. Mwalimu alikwenda China Februari 1965, Zhou Enlai akaja Dar es Salaam Juni, na Septemba 1967 makubaliano yakatiwa saini Beijing. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30. China yenyewe ilikuwa maskini, tena katikati ya misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni iliyoteketeza maisha ya wananchi wake wengi. Hatuna haja ya kuupamba utawala wa Mao ili tuthamini kilichojengwa.

Kilichojengwa kilikuwa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Kipande kigumu kuliko vyote kiko kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapouacha mpunga wa bonde la Kilombero na kuukwea ukuta wa milima. Nimepita hapo kwa treni. Unatoka Mlimba asubuhi, kinamama wameinua masinia ya ndizi hadi usawa wa madirisha, mchele umepimwa kwa makopo; halafu giza la handaki la kwanza, mwanga, daraja, na chini ya daraja mto unaonekana kama uzi, halafu giza tena. Abiria wanazoea, wanaendelea kucheza karata. Mimi sikuzoea. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika ujenzi ule, na makaburi yao yako Gongo la Mboto, yamepangwa kwa mistari, mbali na wazazi waliowazaa.

Gharama za hapa nchini zililipwa kwa bidhaa: China ilileta vitu, maduka yakaviuza, na fedha zikalipa mishahara na kokoto. Ndiyo maana vijana wa rika langu walikua na China jikoni. Kwetu kulikuwa na chupa ya chai yenye maua mekundu ambayo mama aliifunika kitambaa kana kwamba ni mgeni, beseni la bati lenye picha ya samaki, na baiskeli ya Phoenix ya baba iliyokuwa hairuhusiwi kuguswa siku ya Ijumaa kwa sababu siku hiyo ilisafishwa. Siasa za dunia ziliingia ndani zikiwa zimebeba chai.

Kwa hiyo Oktoba 1971, mataruma yakiwa yanatandikwa mwaka wa pili, Watanzania walikuwa na sababu yao ya kushangilia. Salim mwenyewe alikuwa amewahi kuwa balozi Beijing mwaka 1969 kabla ya kupelekwa New York. Lakini nasisitiza neno sababu yao. Mwaka 1975 Angola ilipokaribia uhuru, China ilijikuta imeegemea makundi yale yale yaliyopendwa na Washington, kwa chuki yake dhidi ya Moscow. Tanzania ikaitambua serikali ya MPLA, upande uliosaidiwa na Wasovieti na Wakuba, huku treni za Wachina zikiwa zinajaribiwa kwenye reli. Rafiki aliyekujengea njia hakununua miguu yako.

*

Salim alibaki New York miaka kumi. Kuanzia 1972 aliongoza Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, na mwaka 1979 akachaguliwa Rais wa Baraza Kuu. Hapo ndipo lilipomkuta jambo ambalo waliomwita kibaraka wa Wakomunisti hupenda kulisahau. Desemba 1979 majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan. Moscow ikatumia turufu kulinyamazisha Baraza la Usalama, kesi ikahamishiwa kwenye kikao cha dharura cha Baraza Kuu, na aliyekalia kiti cha urais alikuwa Salim. Tarehe 14 Januari 1980 nchi 104 zilitaka majeshi ya kigeni yaondoke Afghanistan. 18 zilipinga, 18 zilijizuia.

Mwaka uliofuata muhula wa pili wa Katibu Mkuu Kurt Waldheim wa Austria ulikuwa unaisha, naye akautaka wa tatu. Afrika ikasema zamu ni yake, ikamsimamisha Salim, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania.

Uchaguzi wa Katibu Mkuu hufanyika kwanza ndani ya Baraza la Usalama, faraghani. Wajumbe ni 15. Mgombea anahitaji kura 9, na kati ya wale watano wenye viti vya kudumu asiwepo hata mmoja aliyemkataa. Karatasi hazina majina, lakini chumba ni kidogo na kila mtu anajua mkono wa nani umeandika nini.

Oktoba 27, 1981, miaka kumi na siku mbili baada ya ule usiku, karatasi za kwanza zikahesabiwa. Salim alipata kura 11. Waldheim alipata 10. Mtanzania alikuwa ameshinda kwa kila hesabu isipokuwa moja: Marekani ilimkatalia. Na China ikamkatalia Waldheim.

Wakarudia. Jibu likawa lile lile. Wakarudia tena, siku zikapita, Novemba ikaisha. China ilitumia turufu mara 16 dhidi ya Waldheim, nchi ambayo kwa kawaida ilikuwa bahili mno wa silaha hiyo. Dawa ya deni ni kulipa, na Beijing ilikuwa inalipa deni la Oktoba 1971 mbele ya dunia nzima. Upande wa pili Marekani ilikuwa inalipa la kwake. Rais wake sasa alikuwa Ronald Reagan, yule wa kwenye simu. Makamu wake alikuwa George Bush, yule wa ukumbini.

Lazima niwe mwangalifu hapa. Hakuna karatasi niijuayo ambayo imeandikwa kwamba Salim alikataliwa kwa sababu ya ngoma. Serikali ya Reagan ilimwona ana msimamo mkali kuhusu Palestina na kusini mwa Afrika, na hizo zingetosha. Lakini waandishi wa wakati ule waliikumbusha ngoma kila walipolitaja jina lake, na wanadiplomasia wakaizungumza kwenye veranda zote. Mimi nauliza swali la kawaida tu. Uingereza ilipiga ndiyo usiku ule. Ufaransa ilipiga ndiyo. Kanada ilipiga ndiyo. Nani kati ya mabalozi wao alikuja kudaiwa kura hiyo miaka kumi baadaye?

Tazama pia nani alikuwa rafiki wa nani kufikia 1981. Marekani ilikuwa na ubalozi kamili Beijing tangu 1979, imevunja uhusiano rasmi na Taiwan, na Washington na Beijing zote mbili zilikuwa zinawasaidia wapiganaji wa Afghanistan. Zaidi ya hayo, magharibi mwa China palikuwa na vituo vya kunasia ishara za majaribio ya makombora ya Kisovieti, kwa mitambo ya Marekani. Minara ile ile iliyong'olewa Tunguu kwa kelele, au binamu zake, sasa ilikuwa imekaribishwa na Wachina wenyewe. Kosa la Mtanzania lilikuwa kuwahi: alisema mwaka 1971 jambo ambalo Marekani ililisema mwaka 1979.

Desemba urais wa Baraza la Usalama ulimwangukia Mganda, Olara Otunnu, kijana wa miaka 31. Ni yeye aliyewaendea wagombea wote wawili akawaomba wakae pembeni ili wengine wapimwe. Ilikuwa kazi nzito kwa mtoto wa Afrika Mashariki kumwambia mwana wa Afrika Mashariki aliyeongoza kwa kura asimame kando, na aliifanya kwa heshima. Salim naye akakubali bila kuliburuta bara zima kwenye uchungu wake. Desemba 11 jina la Javier Pérez de Cuéllar wa Peru likapita. Salim akarejea wizarani Dar es Salaam. Baadaye alikuwa Waziri Mkuu, kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kutoka 1989 hadi 2001, miaka ambayo Rwanda iliteketea na Afrika Kusini ikapata uhuru.

*

Kura ile haijalala. Azimio lililopita usiku wa 1971 lina namba 2758, na leo limo katikati ya ugomvi unaotisha kuliko wowote kati ya madola mawili makubwa. Agosti 2022, baada ya Spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani, Nancy Pelosi, kutembelea Taipei, China iliizunguka Taiwan kwa meli na ndege za kivita na kufyatua makombora ambayo mengine yalipita juu ya kisiwa. Mei 2024 ilifanya mazoezi ya kukizingira tena. Mlango wa bahari unaoitenganisha Taiwan na bara una upana wa kilomita zipatazo 130 mahali palipo pembamba, na manowari za Marekani hupita humo kuonyesha kwamba zinaweza.

Nyuma ya meli kuna mabishano ya wanasheria. China inasema azimio 2758 lilimaliza kila kitu: China ni moja, Taiwan ni sehemu yake, dunia ilikubali. Marekani inasema azimio liliamua tu nani akae kwenye kiti, na mwaka 2023 Bunge lake la Wawakilishi likapitisha muswada wa kusema hivyo. Mwaka 2024, walipokutana na China mjini Beijing, viongozi wa Afrika waliitia nguvu tena China Moja. Katika mkutano ule ule Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Hakainde Hichilema wa Zambia walishuhudia makubaliano ya kuifufua reli ile, Tazara, iliyokuwa imechoka vibaya, huku Marekani ikiweka fedha zake kwenye reli shindani inayotoka kwenye shaba hiyo hiyo kuelekea Lobito, Angola. Desemba ya mwaka huo Rais Joe Biden alikwenda mwenyewe Lobito kuitazama.

Nimelisoma azimio lenyewe. Halijazi hata ukurasa. Linasema haki zote za China zirudishwe kwa Jamhuri ya Watu, na wawakilishi wa Chiang Kai-shek waondolewe kwenye kiti walichokikalia isivyo halali. Neno Taiwan halimo. Lililetwa na nchi 23, na kati yao zimo Somalia, Zambia na Tanzania. Ni sisi tuliolibeba hadi ukumbini. Wanadiplomasia wa pande mbili sasa wanataka kuisikia Dodoma na Lusaka zikisema tulimaanisha nini usiku ule, kila upande ukiwa na jibu lake tayari mfukoni, na kila upande ukiwa na reli.